Nihon Minka-en kwa treni kutoka Shinjuku: watoto watatu, kigari na mama mkwe

Baba_Zai anauliza:

Wakuu, habari za leo. Tupo Tokyo, tumefikia Shinjuku, na Alhamisi ijayo tuna siku nzima ya nafasi. Tunataka kuona nyumba za kale za Kijapani, zile za wakulima zenye paa la nyasi na meko katikati ya sebule. Makasri na mahekalu tumeshatosheka nayo. Jina linalotajwa kila mara ni Nihon Minka-en, makumbusho ya wazi ya nyumba hizo, mji wa Kawasaki.

Tuko sita: mimi na mke wangu, binti wa miaka 9, kijana wa miaka 4, mchanga wa miezi 8 kwenye kigari, na mama mkwe, miaka 67, ambaye magoti na ngazi haviivi chungu kimoja. Naomba kujua treni ipi hasa na nauli za watoto zikoje, kama kigari kinapita, nyumba zipi tuzipe kipaumbele maana nasikia yapo majengo 25, na chakula kwa sisi Waislamu. Kuna jamaa kaniambia twende Shirakawa-go, kijiji cha milimani chenye nyumba za namna hiyo, moja kwa moja tukaone "vya kweli". Inawezekana kwa siku moja?

Reli_1067:

Nianze na la mwisho, ni jepesi: Shirakawa-go haina reli. Inafikika kwa basi kutoka Takayama au Kanazawa, na kwenda na kurudi Tokyo siku hiyohiyo na mtoto wa miezi 8 ni kuwatesa watu. Nyumba ya kutoka Shirakawa-go mtaikuta hukohuko Minka-en, imebomolewa kipande kwa kipande ikaletwa na kusimamishwa upya.

Sasa treni. Reli yenu ni ya kampuni ya Odakyu, siyo JR (kampuni kubwa za reli za Japani). Mnapanda Shinjuku (namba ya stesheni OH 01) na kushuka Mukogaoka-Yuen (OH 19). Shikeni hizo namba, zimeandikwa kwenye kila bango na hazina shida ya matamshi.

Kosa linalowapata wengi liko kwenye aina ya treni. Odakyu ina treni inayoitwa *kyuko*, 急行, inayosimama Mukogaoka-Yuen. Na ina *kaisoku kyuko*, 快速急行, ambayo HAISIMAMI pale. Herufi mbili za mwisho ni zilezile, ndiyo maana mtu anasoma nusu ya bango anaingia, kisha anaona stesheni yake inapita dirishani na anatupwa mpaka Shin-Yurigaoka. Hesabuni herufi: mbili, pandeni tu mshuke OH 19. Nne, msiikimbie kwa kuwa kwa kawaida ndiyo inayokuja mara nyingi zaidi mchana, ila mshuke Noborito (OH 18), mvuke mpate treni ya kila kituo au kyuko kwa stesheni moja tu. Kati ya Noborito na Mukogaoka-Yuen ni mita 600 za reli, hata hamtakaa.

Treni zote hizo mbili huondoka kwenye majukwaa ya juu ya Odakyu pale Shinjuku. Majukwaa ya chini ya ardhi ni ya treni za kila kituo. Ukijikuta umeshuka ngazi nyingi, umepotea. Upande wa magharibi wa stesheni unajengwa upya (duka kubwa la Odakyu lililokuwa juu yake lilifungwa 2022), kwa hiyo msifuate picha za zamani za mtandaoni, fuateni mabango ya leo yenye jina Odakyu. Safari ni kama dakika 20 hadi 25. Treni ya kifahari ya Romancecar ina malipo ya ziada na kwa umbali wa kilomita 16 ni kutupa hela.

Nauli: mtu mzima ni chini ya yeni 300 kwa safari moja. Mtoto wa miaka 9 ndiye mwenye bahati, kwani tangu Machi 2022 Odakyu wanatoza watoto wa shule ya msingi yeni 50 bapa, uende stesheni moja au mwisho wa reli. Sharti ni kadi ya nauli ya MTOTO ya kugusisha getini, iwe Suica au PASMO. Ukimnunulia tiketi ya karatasi anatozwa nusu ya nauli ya mkubwa. Ukimpa kadi ya mkubwa inakatwa nauli ya mkubwa, na mashine haitakuuliza kitu. Kadi ya mtoto huchukuliwa dirishani kwa kuonyesha pasipoti, siyo kwenye mashine, basi ifanyeni kazi hiyo Jumatano. Wa miaka 4 na mchanga hawalipi.

Muda wa kuondoka: saa 3:15 asubuhi kwa saa zetu, yaani 9:15 kwenye ratiba yao. (Nakumbusha kwa sababu kuna watu wameshawahi treni kwa saa sita.) Msongamano wa asubuhi unaingia Shinjuku, nyinyi mnatoka, kwa hiyo mtapata nafasi. Jioni ni vilevile kinyume: umati unatoka mjini, nyinyi mnarudi. Kigari hakilazimiki kukunjwa. Tafuteni alama ya kigari pembeni mwa mlango, fungeni breki, na mtu mmoja akishike.

Kwa wapenda reli: upana wa njia ya Odakyu ni milimita 1,067, sawasawa na TAZARA.

Mama_Mbeleko:

Baba Zai, kigari chako kitafika hadi langoni bila tabu na hapo ndipo raha yake inapoishia.

Kutoka Mukogaoka-Yuen mnatokea lango la kusini. Kibao kinasema dakika 13 kwa miguu. Na mtoto wa miaka 4 weka 25. Njia ni ya lami na tambarare karibu yote. Kwenye ramani ya simu andikeni "Nihon Minka-en", msiandike jina la stesheni. Mukogaoka-Yuen lilikuwa jina la bustani ya michezo iliyofungwa 2002. Jina limebaki, bembea hazipo.

Ndani ni kilima chenye miti, njia za kupanda na kushuka, sehemu zenye mawe na ngazi. Mchanga mbebeni mgongoni kwa mbeleko au kibebeo, halafu ulizeni langoni kama kigari kinaweza kuachwa pale. Mkikisukuma mpaka juu mtakuwa mnakibeba nusu ya njia, na mlangoni kwa kila nyumba mtakiacha tu nje.

Kuhusu mama mkwe. Eneo la kwanza baada ya lango, lile la nyumba za kwenye njia kuu za wasafiri, ndilo jepesi kwake. Kadiri mnavyoingia ndani ndivyo mlima unavyokuja. Tatizo la pili hakuna anayelisema: sakafu za nyumba hizi zimeinuliwa. Unaingia kwenye sakafu ya udongo, kisha kupanda sakafu ya mbao ni hatua moja ndefu, kama kimo cha kiti, na bila viatu. Magoti mabovu hayapandi hapo mara kumi kwa siku. Lakini ukingo huohuo ni kiti kizuri. Enzi hizo mgeni wa shughuli ndogo hakukaribishwa ndani. Aliketi pale ukingoni miguu ikiwa chini kwenye udongo, akazungumza, akanywa chai, akaenda zake. Mwambieni bibi kwamba ni baraza ya Kijapani, atakaa kwa amani huku wajukuu wakizunguka ndani.

Kama magoti ni mabaya kweli, badilisheni mahali: Edo-Tokyo Tatemono-en, ndani ya bustani ya Koganei. Ni tambarare zaidi. Mnapanda JR Chuo hadi Musashi-Koganei, kisha basi la dakika chache. Kuna nyumba za wakulima za nyasi, maduka ya mtaa wa zamani, na nyumba ya Takahashi Korekiyo, waziri wa fedha aliyeuawa humohumo Februari 26, 1936. Kwa nyumba za vijijini Minka-en inashinda kwa mbali, lakini mlima nao ni mlima.

Soksi! Kila mmoja, safi, zisizo na tundu, na jozi ya ziada kwa wa miaka 4. Viatu viwe vya kuchomeka mguu, maana mtavivua na kuvivaa zaidi ya mara kumi. Viatu vya kamba vitawala dakika 30 za siku yenu.

Fundi_Makombamoyo:

Wengine wameshamaliza ya njiani, niseme ya nyumba zenyewe.

Minka-en ilifunguliwa 1967. Iliyoanzisha yote ni nyumba ya ukoo wa Ito, ya hapohapo Kawasaki, iliyokaribia kuhamishiwa bustani ya Sankeien kule Yokohama. Wenyeji wakaona nyumba zao zinaondoka moja baada ya nyingine, wakaamua kuwa na mahali pao. Majengo yaliyopo yametoka sehemu mbalimbali za Japani, na kila kundi limepangwa kwa eneo lake: maduka na nyumba za njia kuu kwanza, kisha nchi ya theluji, Kanto, Kanagawa, na kaskazini ya Tohoku mwishoni.

Ukitaka kuona 25 zote utaona nguzo tu. Mimi ningechagua sita.

Ya Misawa, mwanzoni kabisa: duka la dawa la kutoka Ina, Nagano. Paa ni la vipande vya mbao vilivyolazwa bila kupigiliwa, na juu yake mawe ya kuzuia upepo. Mbao zikioza upande mmoja unazigeuza. Mama mkwe anaweza kuishia eneo hili na Ya Ioka, duka la mafuta na baadaye ubani kutoka Nara, akawa ameona kitu.

Ya Emukai, kutoka Gokayama. Hii ndiyo ile ya paa lenye umbo la viganja viwili vilivyokutanishwa kwa sala, mteremko wa kama nyuzi 60 ili theluji iteleze. Msitazame nyasi kwanza, tazameni vifundo. Makombamoyo yamefungwa kwa kamba za majani ya mpunga na kwa vijiti vya mti uitwao *neso* vilivyosokotwa vikiwa vibichi. Vikikauka vinabana zaidi. Hakuna msumari kwenye paa, na ndiyo maana linastahimili: upepo mkali ukija au theluji ikilemea, paa linayumba kidogo na kurudi. Msumari ungepasua mti. Aliyewahi kuona fundi wa makuti akifunga pao kwa kamba hatahitaji mkalimani hapa. Chini ya paa ilikuwa ghorofa ya kufugia viwavi wa hariri, na Gokayama walitengeneza hata shura, chumvi ya kutengenezea baruti, kwenye mashimo chini ya sakafu.

Ya Kitamura, kutoka Hadano. Tarehe yake haibishaniwi: 1687, imeandikwa kwa wino kwenye ulimi wa nguzo, sehemu inayoingia ndani ya kiungo, ikaonekana ilipobomolewa. Sebule ina sakafu ya mianzi iliyopangwa, hakuna ubao. Mtoto akanyage bila viatu, atakumbuka kwa nyayo.

Ya Hirose, kutoka Yamanashi, ndiyo inayonigusa kuliko zote na wageni huipita haraka. Paa linashuka karibu na kichwa, kuta hazina madirisha ya maana, na sebule haina sakafu ya kuinuliwa: watu walikaa juu ya mikeka iliyotandikwa moja kwa moja kwenye udongo. Ukitoka Ya Kitamura ukaingia hapa unaelewa kwamba sakafu ya kuinuliwa ilikuwa cheo.

Ya Ota, kutoka Ibaraki: nyumba mbili zilizobanana, moja ya kuishi na moja ya jiko na sakafu ya udongo, kila moja na paa lake, na katikati mfereji wa kupokea maji ya mapaa yote mawili. Simameni chini ya mfereji huo mfikirie majani yakiuziba usiku wa mvua. Iliungua 1990 ikajengwa upya.

Ya Kudo, kutoka Iwate, iko mbali mwishoni lakini wa miaka 4 ataipenda: umbo la herufi L, watu upande mmoja na farasi upande mwingine chini ya paa moja. Baridi ya kule ilikuwa kali mno kumwacha farasi nje, na farasi alikuwa mali kuliko samani zote.

Kama nguvu zimebaki, piteni ghala la Okinoerabu, la visiwa vya kusini, lililosimama juu ya nguzo kukwepa panya na unyevu, na jukwaa la kabuki (maigizo ya jadi) la Funakoshi la 1857, lenye sakafu ya kuzungushwa na watu waliojificha chini.

Jambo moja la kuuliza langoni kabla ya kununua tiketi: *nyumba zipi zina moto leo?* Wapo watu wa kujitolea wanaowasha meko, *irori*, kwa zamu, si kila nyumba kila siku. Panga njia yako kwa moto. Nyumba isiyo na moto ni jengo tu. Moto wenyewe si pambo: hakuna bomba la moshi, unapanda hadi kwenye nyasi, unazikausha, unafukuza wadudu, na masizi yake yanapaka kamba na boriti. Paa la nyasi lisilopata moshi huoza mapema. Kwa mwenye pumu, kaeni karibu na mlango. Mtoto macho yakimwasha, mketishe. Moshi unaning'inia juu, hewa safi iko chini.

Na vichwa! Vizingiti vya juu vya milango ya kuteleza huwa karibu shaku 5 na sun 8, yaani kama sentimita 175. Mrefu ainame. Kizingiti cha chini msikikanyage, wala kingo za kitambaa za mikeka ya tatami.

Jiko_la_Nuru:

Chakula, kwa kifupi. Nyumba ya Yamashita, ile ya Shirakawa-go, ndani yake kuna mgahawa wa tambi za soba. Mandhari ni nzuri, ila mchuzi wa soba hutengenezwa kwa soya, samaki mkavu na *mirin*, na mirin ni pombe ya mchele. Samaki hana shida, mirin ndiyo shida. Ulizeni: "Mirin wa haitte imasu ka?" Tarajieni jibu la ndiyo.

Pili, mzio wa soba upo na ni mkali. Mtoto ambaye hajawahi kuila asianzie mlimani mbali na hospitali. Kumwagizia udon (tambi za ngano) badala yake hakumlindi kama zinachemshwa kwenye sufuria moja.

Salama zaidi ni kubeba kutoka Shinjuku. Kwenye pakiti tafuteni 豚 (nguruwe), 酒 (pombe, ikiwa 酒精 ni alkoholi ya kuhifadhia) na みりん. Mkiona mojawapo, rudisheni. Ndizi, mayai ya kuchemsha na wali mweupe havijamuangusha mtu. Msile ndani ya nyumba. Ulizeni sehemu za kupumzikia. Taka mnarudi nazo, bebeni mfuko.

Baba_Zai:

Aisee, asanteni sana. Mama mkwe amesomewa habari ya baraza, amesema twende hukohuko Minka-en. Mawili ya mwisho: kiingilio ni kiasi gani na wanafunga saa ngapi? Na mvua ikinyesha?

Reli_1067:

Mkubwa yeni 550, miaka 65 na zaidi 330 (bibi abebe pasipoti), hadi wa sekondari ya chini bure. Kwenu jumla ni 1,430. Machi hadi Oktoba ni saa 3:30 asubuhi hadi 11:00 jioni, Novemba hadi Februari wanafunga saa 10:30. Mwisho wa kuingia ni nusu saa kabla. Jumatatu wanafunga. Alhamisi kwa kawaida wanafungua, ila hakikisheni kabla ya kwenda.

Fundi_Makombamoyo:

Mvua ndogo nendeni, tena ndiyo siku ya kuona paa la nyasi likifanya kazi: maji yanateleza juujuu na kudondoka ukingoni bila kelele, ndani kukavu. Ila mawe ya njia yanateleza, bibi abaki eneo la mwanzo na fimbo. Ndani ni giza siku ya mawingu. Tochi ya simu iwe na chaji, muielekeze kwenye viungo vya boriti.

Mvua kubwa, au kijana akigoma katikati: bustani hiyohiyo ya Ikuta ina jumba la sayansi lenye sayari za kuoneshwa darini, na nje yake garimoshi la mvuke aina ya D51. Toka kwa lango la magharibi, pale penye jumba la kutia nguo nili, ndilo linaloelekea huko.

Mama_Mbeleko:

Na kabla hamjatoka stesheni asubuhi, wote chooni, hata anayesema hataki. Mtoto wa miaka 4 husema hataki mpaka mfike Ya Hirose.